Kwa Nini Mwindaji wa Tangini Hukataa Peleti

Oska aliyezoea kulishwa samaki wadogo hai aina ya gapi huitazama peleti ikielea mbele yake, huionja, huitema, kisha hurudi nyuma ya jiwe lake. Siku chache zikipita mwenye tangi huingiwa na huruma. Anarudi dukani, ananunua gapi wengine kumi, na kabla hajafunga kifuniko nusu yao wameshamezwa. Samaki ameshiba na mwenyewe amepumua, lakini tatizo limekomaa: oska amejifunza kwamba akikaza, chakula anachokitaka kitaletwa.

Matangi ya namna hii utayakuta katika nyumba za ghorofa za Kileleshwa na Kilimani, mapokezi ya ofisi za Westlands na vyumba vya kungojea vya kliniki za Parklands. Oska, mzaliwa wa bonde la Amazon, ni wa kawaida. Arowana ni wa wenye nafasi na pesa. Wengine wanaotamaniwa na wafugaji wa Ulaya na Asia ni wa kwetu kabisa. Ziwa Turkana lina bichiri, bunju wa Mto Nile na sangara (mbuta), na Ziwa Victoria lina kamongo, samaki mwenye mapafu. Wote hawa wana sifa moja: porini hula viumbe, na wengi wao, wakiletwa tangini, hawakitambui chakula cha dukani.

Ushauri anaopewa mwenye tangi karibu wote ni wa chakula: jaribu peleti za aina ile, jaribu kamba, jaribu moyo wa ng'ombe. Si ushauri mbaya, ila umeanzia mwisho. Samaki mwindaji hukataa chakula kwa sababu tatu, na zina mpangilio wake. Kwanza ni maji anamoishi. Pili ni namna anavyokitambua kitu kuwa ni chakula. Ladha ya chakula chenyewe ni ya tatu, tena kwa mbali. Anayezikagua kwa utaratibu huo hutumia pesa kidogo na hupoteza samaki wachache.

Kwa nini tusimwache ale vilivyo hai?

Hoja ya wanaopinga peleti ni kwamba kumlisha mwindaji kiumbe hai ndiyo kumpa haki yake. Tatizo ni kwamba gapi wa dukani si windo la porini. Ametoka kwenye tangi lililosongamana, mara nyingi mwenyewe hajalishwa vizuri, na huja na wadudu wake: vijidudu vya madoa meupe, minyoo ya matumbo, kuvu. Anayemlisha oska wake gapi kila juma huleta mgeni asiyepimwa ndani ya nyumba kila juma. Tena kiumbe mwenye njaa ni mfuko mtupu. Lishe inayofika kwa mwindaji ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Hatari nyingine, kwa anayelisha samaki wa dhahabu badala ya gapi, imefichika zaidi. Samaki wa dhahabu, na wengi wa jamaa yake ya karp, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi ambacho huharibu vitamini B1. Jambo hili lilijitokeza miaka ya 1930 katika shamba moja la kufugia mbweha huko Minnesota, Marekani, ambako mbweha waliolishwa karp mbichi walipooza na kufa. Kimeng'enya hicho huharibika kwa moto, si kwa barafu, kwa hiyo kumgandisha samaki wa dhahabu kwenye friza hakumfanyi kuwa salama. Mwindaji anayelishwa samaki wa aina hiyo pekee kwa miezi hupoteza nguvu, huogelea kwa kuyumba, na mwisho hukataa hata hicho alichokizoea. Mwenye tangi hudhani samaki amezidi kudeka, kumbe anaumwa.

Maji kwanza

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za magharibi kuelekea Kangemi na Kabete ziko juu zaidi. Mwinuko huu una mambo mawili yanayomgusa samaki moja kwa moja.

La kwanza ni baridi. Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na sebule isiyo na jua inaweza kubaki kwenye nyuzi 18 mchana kutwa. Oska anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Mwili wa samaki hufuata joto la maji: yakipoa, tumbo husaga polepole na hamu ya kula hupotea. Samaki anayekataa chakula kati ya Juni na Agosti katika tangi lisilo na hita huenda hachagui chochote. Anasikia baridi tu. Kipimajoto cha bei ndogo kinatatua swali hilo kabla ya kununua mkebe wa tatu wa peleti.

La pili ni hewa. Kwenye mwinuko huu maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Kusaga mlo mkubwa wa nyama kunatumia oksijeni nyingi. Mwenye tangi akimshibisha oska saa mbili usiku, stima ikapotea saa nne na pampu ikanyamaza, samaki anabaki na tumbo lililojaa ndani ya maji yanayokosa hewa. Kwa hiyo mlo mkubwa huku kwetu ni wa asubuhi, na pampu ndogo ya betri ni kifaa cha lazima.

Kisha kuna maji yenyewe. Maji ya mferejini, yanayotoka mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, huja na klorini. Klorini huunguza matamvua na kuua bakteria wanaosafisha maji ndani ya kichujio. Maji hayo yanapaswa kukaa siku nzima kwenye pipa wazi lenye kipuliza hewa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Maghorofa mengi ya magharibi, kwa sababu ya mgao, hutegemea visima virefu na maboza. Maji ya visima vya Nairobi yana floridi nyingi na mara nyingi pH yake iko juu ya 8. Hapo ndipo chakula kilichokataliwa kinapogeuka sumu. Kipande cha nyama kinachooza hutoa amonia. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika umbo linaloua. Katika pH 8.5, ni zaidi ya asilimia 10.

Sasa mduara unaonekana. Samaki anakataa, chakula kinaoza, amonia inapanda, matamvua yanaungua, na samaki aliyeungua matamvua hana hamu ya chakula chochote. Mwenye tangi anaongeza chakula kingine cha kumshawishi. Wengi wa wanaoitwa samaki wachaguzi wamo ndani ya mduara huu, na dawa yao ni kubadilisha robo ya maji mara mbili kwa juma na kuondoa mabaki ndani ya dakika 10.

Anachokiona samaki

Maji yakishakuwa sawa, swali la pili ni hili: samaki huyu hukijua vipi chakula? Wawindaji hawafanani. Oska na arowana hutumia macho. Windo kwao ni kitu kinachokwenda, chenye umbo refu, kinachoshtuka. Peleti ya duara inayoelea bila kutikisika haina hata alama moja kati ya hizo. Bichiri, kambare na kamongo huona kidogo na hunusa sana. Wao hutafuta usiku, chini, na peleti inayoelea mchana juu ya vichwa vyao hawana habari nayo. Samaki wote wana pia mstari wa ubavuni, mfereji wa hisia unaopokea mtikisiko wa maji, na kwa baadhi ya wanaovizia huo ndio unaowaambia lini wafumbue kinywa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka kwa wafugaji wa samaki wa kuliwa, ambao hawana muda wa kudekeza. Uchina kuna samaki mandarini wa mitoni, bei yake nzuri sokoni, ambaye tangu siku anapoanza kula humeza vifaranga hai wa samaki wengine na hukataa kilichokufa. Watafiti wa huko waligundua kwamba anashambulia kwa kufuata macho na mtikisiko, hasa penye mwanga hafifu. Wakamfundisha kwa hatua: kwanza windo hai, kisha windo lililokufa linalotiririka na mkondo, kisha vipande, kisha chakula kilichotengenezwa. Marekani walifanya vivyo hivyo na samaki besi mwenye mdomo mpana, yule yule aliyeletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha. Vifaranga vyake hukusanywa wengi mahali pamoja, hupewa samaki wa kusagwa, na peleti huchanganywa humo kidogo kidogo hadi zinabaki zenyewe. Barramundi, binamu wa sangara wetu, hufugwa kwa peleti Australia na Thailand bila shida.

Mambo matatu yanajitokeza katika mifano hii. Mwendo huja kabla ya ladha. Samaki mdogo hufundishika kwa urahisi kuliko mkubwa. Na kundi hufundisha: mmoja akithubutu kula, wengine humfuata kwa kuogopa kukosa. Mwenye tangi la samaki mmoja wa miaka minne hana faida mbili za mwisho. Anabaki na ile ya kwanza, na ndiyo anayopaswa kuitumia kikamilifu.

Soko lina nini

Chakula cha mpito si lazima kitoke kwenye duka la wanyama. City Market, pale Muindi Mbingu Street mkabala na Msikiti wa Jamia, kuna meza za samaki zenye tilapia, mbuta, kamba, ngisi na pweza. Mnofu wa tilapia ni mwanzo mzuri: hauna mafuta mengi, hukatika vizuri, na hauchafui maji haraka. Kuununua kwa kazi hii kuna vichekesho vyake.

"Nikatie vipande vidogo vidogo, mama."

"Vidogo vipi, vya mtoto?"

"Vya samaki."

"Samaki amle samaki? Haya, kijana wangu, lete pesa."

Akaweka ubavu wa tilapia juu ya gogo, akautoa ngozi kwa mkato mmoja, akaukata kwa urefu badala ya upana. Bila kujua, alinipa umbo linalofaa: ukanda mwembamba, mrefu kama kidole kidogo, ambao ukitikiswa majini hupepea kama mkia. Mchemraba wa nyama ile ile haushtui jicho la mwindaji.

Kamba ni kivutio kikubwa kwa sababu ya harufu, na maji yanayotoka kwenye vichwa vyao hufaa kulowekea peleti. Wapewe kwa zamu na vyakula vingine, maana baadhi ya jamii za kamba nao wana thiaminesi. Omena wakavu wa Kawangware na Kangemi, wanaopimwa kwa gorogoro, ni wa bei nafuu na wana umbo la samaki mzima. Lazima waoshwe mchanga na kulowekwa hadi walainike, la sivyo hufura tumboni mwa samaki. Nyungunyungu wa bustani isiyopigwa dawa humwamsha karibu kila mwindaji, na kwa samaki aliyetoka porini ndiye daraja zuri kuliko wote: anajinyonganyonga lakini hana mapezi, na akikatwa bado anatikisika.

Moyo wa ng'ombe ni mazoea ya kale ya wafugaji wa oska. Ukitolewa mafuta na mishipa yote unaweza kuliwa mara moja moja. Kuufanya chakula cha kila siku ni kosa, kwa sababu mafuta ya ng'ombe huganda kwenye joto la mwili wa samaki na hayasagiki vizuri. Kuna pia mabuu ya nzi mweusi, ambayo wafugaji wa kuku huyaita BSF. Kituo cha icipe cha Kasarani, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Thomas Odhiambo, kimeyafanyia utafiti mwingi kama chakula cha mifugo na samaki. Mabuu hai ya BSF hutikisika, na yaliyokaushwa huelea, kwa hiyo kitu kile kile kinaweza kutumika mwanzo na mwisho wa mafunzo.

Na peleti zenyewe? Mikebe inayoagizwa kutoka nje ni mizuri na ghali. Watu wachache hukumbuka agroveti. Mwaka wa 2009 mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, na mahitaji ya peleti yakakua nchini. Peleti za kuelea za kambare zenye protini ya asilimia 40 au zaidi zinamfaa oska mkubwa. Ziangaliwe tarehe, na zisinunuliwe kutoka gunia lililofunguliwa kitambo: mafuta yake huchacha, vitamini C hupotea, na samaki huyanusa mafuta yaliyochacha kabla yako.

Kumwachisha

Kazi yenyewe hufanana na kumwachisha mtoto ziwa: kinachobadilishwa ni kimoja kwa wakati mmoja, na saa za kula hazibadiliki. Hatua ya kwanza ni windo lile lile alilolizoea, lakini limekufa. Gapi aliyeyeyushwa kutoka kwenye friza huachiwa mbele ya mdomo wa kichujio, mahali mkondo unapomsukuma. Samaki akimchukua, nusu ya safari imekwisha, kwa sababu amekubali kwamba kilichokufa huliwa.

Hatua ya pili ni ukanda wa tilapia kwenye koleo la plastiki au kijiti chembamba. Usimsogezee usoni. Windo halimkimbilii mwindaji, na samaki akisogezewa kitu hurudi nyuma. Upitishe ukanda pembeni yake, uutikise mara mbili, uusimamishe, kisha uuondoe kama unaokimbia. Oska huanza kwa kugeuza jicho moja, mapezi ya kifuani yakipiga harakaharaka huku mwili umetulia. Kisha huvuta maji kwa kinywa na kipande hutoweka. Mara nyingi hukitema, hukivuta tena, hukitema tena. Wengi hukata tamaa hapa na kukiondoa kipande, ilhali kutema na kurudia ndiko kuonja. Wa kuhangaikia ni yule asiyegeuza hata jicho.

Hatua ya tatu ni kuiingiza peleti kwa siri. Peleti iliyolowekwa katika maji ya kamba huchomekwa ndani ya mpasuko wa ukanda wa tilapia. Baada ya siku kadhaa ukanda hufanywa mfupi, peleti ikaanza kuonekana. Mwishowe peleti zilizolowekwa hutupwa moja moja kwenye mkondo, katikati ya vipande, samaki akiwa na pupa ya kula. Kwa wanaonusa usiku kama bichiri na kamongo, koleo halina kazi. Wao huwekewa peleti za kuzama, zilizolowekwa vizuri, taa zikishazimwa, mahali pale pale kila usiku.

Njaa na huruma

Yote haya yanahitaji samaki mwenye njaa, na hapo ndipo mwenye tangi hushindwa. Samaki mwindaji mzima, mwenye afya na mwili uliojaa, anaweza kukaa juma moja hata mawili bila kula na asipate madhara. Porini ndivyo anavyoishi, akishiba leo na kungoja. Kifaranga hawezi: siku mbili tatu zinamtosha, kisha apewe kitu anachokijua. Aliyekonda, ambaye tumbo limeingia ndani na mgongo nyuma ya kichwa umebonyea, hafundishwi kwa njaa hata kidogo; kwanza anenepeshwe kwa chochote anachokubali.

Kwa wengine wote, kanuni ni kutorudi nyuma. Anayevumilia siku tano kisha akatupa gapi hai siku ya sita amemfundisha samaki kuvumilia siku sita. Afadhali kutoanza kabisa kuliko kuanza na kuvunja. Katika nyumba yenye watu wengi jambo hili linahitaji mkutano wa familia, maana mara nyingi kuna mmoja anayemwonea samaki huruma na kumpitishia windo kimya kimya wengine wakiwa kazini.

Mafanikio ni yapi?

Wapo watakaofika kwenye peleti na kubaki hapo. Oska wengi hufika. Bunju hapaswi kufikishwa huko peke yake, kwa sababu meno yake hukua bila kukoma na huhitaji konokono na kamba wenye magamba ya kuyasaga. Arowana mkubwa aliyekamatwa porini huenda asiiguse peleti maisha yake yote, akala kamba na vipande vya mbuta na kuzeeka vizuri. Mpaka ulio muhimu upo kati ya chakula hai na chakula kilichokufa. Akishauvuka huo, maradhi ya windo la dukani yamekatika, gharama imeshuka, na jirani anaweza kumlisha ukisafiri. Peleti ni nyongeza yenye faida, lakini si mtihani wa kufuzu.

Kumtupa samaki aliyeshindikana katika mto au bwawa la karibu si suluhisho. Kamba wa maji baridi aliyeingizwa Naivasha mwaka wa 1970 alienea na kuharibu mimea ya ziwa, na hakuna aliyeweza kumrudisha alikotoka. Anayeshindwa na ampeleke samaki kwa mfugaji mwingine au amrudishe dukani.

Lililo rahisi kuliko yote hufanyika kabla ya kununua. Muuzaji akisema samaki wake "anakula kila kitu," mwombe amlishe mbele yako. Ukimwona akichukua kipande kilichokufa, sehemu kubwa ya kazi hii imeshafanywa na mwingine, na inastahili kulipiwa. Ukimwona akila gapi hai pekee, kazi yote umebaki nayo wewe, na bei inapaswa kushuka kwa kiasi hicho.